Fidia Ililipwa kwa Nani? Kifo cha Kristo kwa Mababa wa Kanisa na kwa Wakristo wa Ukambani



Mwulize Mkristo yeyote wa Kitui au Makueni kwa nini Yesu alikufa, naye atakujibu papo hapo kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Mwulize tena kifo hicho kiliziondoaje dhambi hizo, na mara nyingi utajikuta umepelekwa mahakamani. Mungu ni hakimu, mwanadamu ni mshtakiwa, hukumu ni kifo, na Mwana amesimama kizimbani badala ya mwenye hatia. Maelezo haya yana mizizi katika Maandiko. Nabii Isaya alinena juu ya mtumishi aliyebeba makosa ya wengi, na Paulo alisema Kristo alifanyika laana kwa ajili yetu. Sikuja kuyafuta.

Nilichokuja kusema ni kwamba Kanisa la karne za mwanzo halikuanzia mahakamani. Lilianzia kaburini, mahali ambapo mauti ilikuwa imewashika watu na hakuna aliyeweza kuinyang'anya mateka wake. Na Wakamba walipohubiriwa Injili, waliisikia kwa masikio yaliyokuwa karibu zaidi na Mababa wa Kanisa kama Ireneo na Atanasi kuliko na wale waliowahubiria.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 na ule wa Konstantinopoli wa 381 ilibishana kwa ukali kuhusu Kristo ni nani. Kuhusu jinsi msalaba unavyookoa, maaskofu waliungama tu kwamba yote yalitendeka kwa ajili yetu, wakaishia hapo. Hakuna hata mmoja kati ya mitaguso mikuu saba ya mwanzo uliochagua maelezo ya namna moja na kuyafanya sheria. Mahubiri ya Pasaka ya karne hizo yamejaa picha nyingi: mwanakondoo, fidia, tabibu, vita, Adamu wa pili. Mhubiri alichukua picha moja asubuhi na nyingine jioni bila kuona aibu. Ule mpango wa deni la heshima ambalo lazima lilipwe ulikuja na mwanatheolojia Anselmo mwaka 1098, na adhabu ya mahakamani ikapewa kiti cha mbele na Wanamatengenezo wa karne ya 16. Waliofika kwetu baadaye walikuwa watoto wa mkondo huo.

Nao walifika kwa gharama kubwa. Walutheri wa Kijerumani walifungua kituo Ikutha mwaka 1891 na Mulango mwaka 1899. Mwishoni mwa 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui, chini ya ule mlima tunaoujua wote. Kabla ya mwaka uliofuata kwisha Scott alikuwa ameaga dunia kwa homa, akiwa hajatimiza miaka 30. Miaka michache baadaye karibu kundi lote la kwanza lilikuwa limekufa au kuondoka. Naona inafaa tuwataje kwa heshima kabla ya kuyapima mafundisho yao.

Nianze na fidia, kwa sababu ndiyo picha iliyotangulia kuchapishwa kwa lugha yetu. Kitabu cha kwanza cha Biblia kupigwa chapa kwa Kikamba kilikuwa Injili ya Marko, kazi ya mmisionari Ludwig Krapf, iliyotoka Tübingen mwaka 1850. Katika sura ya 10 ya Injili hiyo Yesu anasema kwamba amekuja kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Neno hilo dogo liliwasumbua Mababa kwa miaka 200. Kama ni fidia, kuna aliyeilipa na aliyeipokea. Ni nani aliyeipokea?

Origene, yule mwalimu mkuu wa Aleksandria katika karne ya 3, alijibu kwamba ni Ibilisi. Ndiye aliyekuwa ametushika, basi ndiye aliyepewa nafsi ya Yesu. Kosa la Ibilisi ni kudhani angeweza kuishika. Gregori wa Nisa akaipeleka picha hiyo mbali zaidi: uungu ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, na yule mlafi akameza vyote viwili. Wasomi wengi wa siku zetu wanaicheka ndoana hiyo. Mimi siicheki, kwa kuwa Ukambani tuna kumbukumbu inayotusaidia kuelewa watu wale walikuwa wakisema nini.

Kumbukeni Yua ya Ngomanisye, ile njaa kuu. Mvua zilikatika mfululizo kuanzia 1897, juu ya nchi iliyokwisha kuumizwa na sotoka na nzige, kisha ndui ikafuata. Ghala zilipoisha, familia za Ukambani zilivuka kwenda nyanda za juu, kwa Wakikuyu na majirani wengine waliokuwa bado na chakula, na huko nyingi zikawaweka rehani wake, mabinti na watoto wadogo. Mapatano yalikuwa wazi kwa pande zote mbili. Mwenye chakula alimlisha mtu huyo na kumtumia kazini. Mvua ikirudi na mifugo ikipatikana, jamaa wangekwenda kumkomboa. Baadhi yao walikombolewa. Wengine walingoja wee, jamaa wakawa wamekufa njiani au hawakuwa na hata mbuzi mmoja, wakabaki huko na kuwa watu wa huko. Zipo koo Ukambani ambazo hadi leo zinajua lilikokwenda tawi lao moja.

Kizazi kilichokuja kukaa kwenye mabenchi ya kwanza ya misheni kilikuwa kimetoka kwenye njaa hiyo. Hakikuhitaji kufafanuliwa fidia. Kilijua kwamba mtoto aliye rehani hana kosa lolote na hakuhukumiwa na mtu, ila hawezi kujitoa mwenyewe. Anachohitaji ni mtu wa damu yake aje, aje kwa miguu, akiwa na kitu mkononi. Mhubiri aliyesema Mungu mwenyewe amekuja kama ndugu kuwatoa walioshikwa alikuwa anaeleweka kabla hajamaliza sentensi. Mhubiri aliyeanza na kesi ilibidi kwanza afundishe mahakama, na mahakama ambayo watu walianza kuijua miaka hiyo ilikuwa ya Mwingereza, iliyotoza kodi ya vibanda.

Hata hivyo picha hii ina mpaka, na aliyeuona mpaka huo vizuri ni Gregori mwingine, wa Nazianzo. Katika hotuba yake ya Pasaka, mwishoni mwa karne ya 4, aliuliza tena swali la Origene na kulikataa jibu lake. Ibilisi alipwe Mungu mwenyewe kama malipo ya ujambazi wake? Ni aibu hata kulitamka. Basi ni Baba aliyelipwa? Lakini si Baba aliyekuwa ametushika, na Baba huyohuyo hakumkubali Isaka alipotolewa na mzazi wake. Gregori anamalizia kwa kusema kwamba Baba aliipokea sadaka hiyo si kwa kuidai wala kuihitaji, bali kwa sababu mwanadamu alipaswa kutakaswa na ubinadamu wa Mungu, na yule dhalimu kushindwa kwa nguvu. Yaliyobaki, anasema, tuyaheshimu kwa kunyamaza. Naliona jibu hilo kuwa la busara kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa baada yake. Fidia inatuambia tulikuwa wapi na nani alikuja kututoa. Ukiigeuza daftari la hesabu, inaanza kumsingizia Mungu.

Sasa Atanasi. Alikuwa Mwafrika wa Aleksandria, ndiye aliyemweka wakfu Frumentio kuwa askofu wa Aksum, na kitabu chake kidogo kuhusu Neno kufanyika mwili ndicho ningemwekea mkononi kila mchungaji wa Kitui kama ningeweza. Hoja yake inakwenda hivi. Mwanadamu aliumbwa kutoka kwa yasiyokuwapo, na alipomwacha Mungu alianza kurudi huko, akioza. Mungu alikuwa ametamka kwamba uasi huleta mauti, na hakuweza kuwa mwongo. Lakini pia haikumpasa aiache kazi ya mikono yake iharibike huku akitazama. Toba peke yake ingetosha kama tatizo lingekuwa makosa tu. Tatizo lilikuwa uharibifu uliokwisha kuingia mwilini. Basi Neno akatwaa mwili unaoweza kufa, akautoa kwa mauti badala ya wote, na mauti ilipomgusa aliye Uzima ikaisha nguvu. Neno "badala" limo, mnalisikia. Lakini anayelipwa hapo si hakimu mwenye hasira, ni mauti inayopewa yote iliyodai hadi ishindwe kudai tena.

Atanasi anauliza hata kwa nini Yesu afe juu ya mti na si kitandani. Moja ya sababu zake hunukuliwa mara chache darasani: hewa ilikuwa makao ya pepo wanaowazuia watu njia, basi Bwana alifia hewani ili aisafishe. Msomi wa Ulaya hupita haraka hapo. Mkamba aliyelelewa akijua kwamba aimu, yaani mizimu, wana miti yao, vilima vyao na saa zao za kutembea hawezi kupita haraka. Kwake hiyo ndiyo habari yenyewe.

Aliyelisema jambo hili waziwazi kwa niaba yetu ni mwanatheolojia John Mbiti. Alizaliwa Mulango mwaka 1931, mwaka uleule kitabu cha Msweden Gustaf Aulén kilipotoka kwa Kiingereza kikidai kwamba Mababa walimwona Kristo kwanza kabisa kama Mshindi. Katika kitabu chake cha 1971 juu ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya, kilichotokana na tasnifu yake ya Cambridge, Mbiti aliyachunguza mafundisho ya Africa Inland Mission miongoni mwa Wakamba, akaonyesha jinsi moto wa jehanamu na mji wa mbinguni vilivyofundishwa kama vitu vya kushikika vilivyo karibu kufika, hadi wokovu ukawa tiketi ya kuondokea. Na katika makala yake kuhusu Kristo, ya miaka hiyohiyo, alisema kwamba Mwafrika anavutwa na Yesu aliyepigana na Ibilisi, pepo, maradhi, uchawi na mauti, akashinda. Mbiti hakubuni theolojia mpya ya Kiafrika hapo. Alikuwa anaikuta ya zamani ikiwa hai nyumbani kwao.

Mbiti aliona jingine linalonigusa zaidi: kwamba watu wetu wanapenda habari za Yesu kuzaliwa, kubatizwa, kufa na kufufuka kwa sababu zinamwonyesha akipita hatua zote za mtu kamili. Hapo yuko bega kwa bega na Ireneo wa Lyon, aliyeandika mnamo mwaka 180. Ireneo alifundisha kwamba Kristo alipita kila rika, mtoto kwa ajili ya watoto, kijana kwa ajili ya vijana, mzee kwa ajili ya wazee, akiirudia njia ya Adamu na kuitengeneza palipoharibika. Katika jamii ambayo mtu hakuhesabiwa mtu mzima mpaka apitie jando na unyago wake hatua kwa hatua, wokovu wa namna hii una mantiki. Kifo ni hatua ya mwisho ambayo hakuna aliyeipita akarudi kuieleza, naye ameipita.

Kuhusu sadaka nitasema machache. Wazee walipokusanyika kwenye ithembo, mahali pa sadaka, chini ya mtini kuomba mvua, mbuzi alichinjwa na damu ikamwagwa. Mbuzi wa ithembo hakuwa mshtakiwa. Hakuna aliyemkasirikia. Alikuwa zawadi, na sehemu ya nyama yake ililiwa pamoja ili ushirika urudi. Waraka kwa Waebrania unaposema Kristo ni sadaka, kwanza tuusikie hivyo, kisha tuongeze kile ambacho ithembo haikuwa nacho: sadaka hii ilitolewa mara moja, ikatosha.

Hilo la kutosha si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wengi, waliofundishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Mafundisho hayo yaliingia mahali palipoachwa wazi. Mtu aliyefundishwa vizuri kwamba mauti ni adui na kwamba imekwisha kushindwa na mwingine hawezi kuambiwa aifuate kama mlango.

Picha ya ushindi nayo ina hatari zake, na kwetu zinaonekana kila wikendi kwenye mahema ya mikutano ya kufunguliwa. Mhubiri anamtangaza Yesu Mshindi, kisha anaanza kumtafuta aliyeshindwa, na mara nyingi anamkuta katika bibi kizee jirani anayeshukiwa kuwaroga wajukuu. Hapo Mababa wangesimama wote na kupinga. Kwa Ireneo na Atanasi adui ni mauti, uharibifu na yule dhalimu, kamwe si mtu wa nyama. Mwanadamu, hata aliye mbaya, yuko upande wa mateka. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wahubiri wetu wanahitaji kujifunza kutoka kwao, na linahitaji kufundishwa kabla ya somo la kutoa pepo.

Mbiti alitumia miaka yake ya mwisho kulitafsiri Agano Jipya lote moja kwa moja kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, na tafsiri hiyo ilizinduliwa mwaka 2014, miaka mitano kabla hajafariki. Hivyo Maandiko tunayo. Tusichonacho ni sauti za wale waliotangulia kuyasoma: Atanasi kwa Kikamba, hotuba ya Pasaka ya Gregori, kurasa chache za Ireneo juu ya rika za Kristo. Si kazi ya kumshinda mtu. Kitabu cha Atanasi ni kifupi, na vyuo vya Biblia vya Africa Inland Church (AIC), vya Waanglikana na seminari za Kikatoliki vinaweza kukigawana sura kwa sura. Idara yetu iko tayari kuanza na zile sura zinazoeleza kwa nini Bwana alifia mahali pa wazi, mbele ya macho ya wote. Wachungaji wanaozika kila Jumamosi ndio ningependa wakae nasi kwenye meza ya tafsiri, kwa kuwa wao ndio wanaosimama kaburini na kuulizwa swali hili na waliofiwa.