Mzee Matthew Wellington, Mwana wa Wayao Aliyetolewa Baharini
Hotuba kwa Wakristo na waalimu wa Ruponda, katika Jubilii ya Dayosisi ya Masasi



Jubilii hii yatukumbusha miaka miwili. Mwaka 1926 Dayosisi ya Masasi ilitengwa na Zanzibar, ikapewa Askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas. Na miaka hamsini kabla ya hapo, mwaka 1876, Askofu Steere alipanda kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Mali yao ilikuwa mikono yao. Wakafyeka msitu, wakajenga, wakalima. Na katika mashamba yao Kanisa likaota. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojua hata jina la mmoja wao?

Kwa hiyo twataka kuwasimulia habari za mzee mmoja wa kizazi kile. Yeye hakukaa Masasi, bali alikuwa mtu wa Wayao, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa angali mtoto, akaendeshwa kwa miguu hata Kilwa, kama walivyoendeshwa maelfu wa nchi zetu za kusini. Huko akapakiwa jahazini kama mzigo. Manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi lile baharini, na watoto wakatolewa. Akapelekwa Nasik, Bara Hindi, akasoma shule ya misioni, akabatizwa kwa jina la Matthew Wellington.

Mwaka 1872 alitumwa na wenzake kumfuata Dakta Livingstone huko Unyanyembe. Mwaka uliofuata, mwanzo wa mwezi wa Mei, Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo yaitwa Zambia. Ndugu zetu, fikirini shauri lililowakabili watu wale. Bwana wao amekufa; pwani i mbali sana; njiani kuna njaa, homa na vita. Wangaliweza kumzika palepale wakaenda zao, wala hapana mtu ambaye angaliwashitaki. Lakini Chuma na Susi, waliokuwa viongozi, wakakubaliana na wenzao wote. Moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga, wakauchukua mabegani hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Matthew alikuwa mmoja wao. Mtoto aliyechukuliwa pwani kwa nguvu, sasa aliuchukua mzigo mzito kwa hiari yake mwenyewe.

Baadaye alikaa Mombasa, akafanya kazi kama watu wengine, akazeeka. Katika uzee wake alihesabiwa kuwa wa mwisho aliyesalia wa msafara ule. Akafariki mwaka 1935.

Basi, twayajuaje hayo? Twayajua kwa sababu mmisionari mmoja, Rampley, aliandika maisha yake wakati mzee mwenyewe angali hai. Asingalifanya hivyo, mengi yangalizikwa pamoja naye.

Hapa Ruponda twawazika wazee wetu kwa heshima. Kengele yalia, twaimba, twalifukia kaburi, kisha twarudi mashambani. Lakini pamoja na mzee twazika habari zake: nani aliyembatiza, njaa gani aliyoiona, baba yake alichukua mizigo ya nani katika vita vya mwaka 1917, yeye mwenyewe alifanya kazi gani katika siku za karanga za Nachingwea na reli yake, ambayo leo haipo. Kitabu cha mazishi chatuambia jina na siku tu.

Ninyi waalimu, twawaomba: chukueni daftari, mwatume watoto wa shule kwa babu na bibi zao wakaulize na kuandika. Nanyi wazee, msiseme kwamba mlikuwa wakulima tu. Waliolianzisha Kanisa hili Masasi walikuwa wakulima.

Mwenyezi Mungu awape wote waliotutangulia pumziko la milele, na sisi atujalie kuwakumbuka kwa majina yao. Amin.