KESI YAKO IMEFIKIA WAPI?

Neno lililotolewa na mwinjilisti katika kikao cha familia, sikukuu ya ushirika wetu

 

Wapendwa, nawaletea salamu kutoka Nakivale. Nawasalimia ndugu wa Bukavu, Uvira na Goma, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Nairobi, pamoja na ninyi mliovuka bahari ambao mtasoma maneno haya kwenye simu. Wenyeji wetu wa Mbarara, agandi!

Neno langu leo ni la Kiingereza, lakini Base Camp, Juru na Rubondo hakuna asiyelijua, hata bibi ambaye hajakaa darasani siku moja. Neno ni "case". Sisi tunasema kesi. Mtu akikutana na mwenzake kwenye bomba la maji asubuhi anauliza habari za nyumbani, anauliza watoto, kisha lazima litoke lile swali: "Kesi yako imefikia wapi?" Msomali anauliza, Mrundi anauliza, Mkongomani ndiyo usiseme.

Sasa Kiingereza hiki kina vituko. Ukifuata mizizi ya hilo neno unakuta ni maneno mawili yaliyokuja kufanana. La kwanza limetoka Kilatini, "casus", kwenye kitenzi cha kuanguka: ni jambo lililomwangukia mtu. La pili limetoka "capsa", maana yake sanduku. Ndiyo maana begi la safari ni "suitcase". Na sisi tuliosoma Kifaransa tuko na la tatu, "case", yaani kibanda, kutoka "casa" ya Kilatini, nyumba. Jiangalie, mpendwa. Jambo lilikuangukia, ukafunga sanduku, leo uko ndani ya kibanda. Nani alimwambia Mlatini habari zetu?

Halafu matumizi yake! Kwenye kituo cha afya nesi anaandika "cases" tatu za malaria, maana yake wagonjwa watatu. Ukizidiwa unapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, umekuwa "case" ya rufaa. Polisi "case" ni mashtaka. Ukibeba mwavuli na mvua bado, umebeba "in case", kwa tahadhari. Na wale wanaojaza fomu wameambiwa waandike jina kwa "upper case", herufi kubwa. Hiyo ilitoka kwa wachapaji wa zamani waliopanga herufi za risasi katika masanduku mawili, kubwa sanduku la juu, ndogo la chini. Hata hapo ni sanduku.

Lakini wakalimani, vijana wetu, nisikilizeni vizuri. Kwa Kiswahili kesi ni mashtaka. Mzee mmoja aliambiwa, "Kesi yako imefunguliwa," akaanza kutetemeka: "Nimeiba nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwambieni mzee, "Faili ya maombi yako imefunguliwa." Ni maneno matano tu, na mtu analala usingizi. Pia mwelezeni kwamba kule ofisini "case" moja inabeba familia nzima. Namba ni moja, watu wanaweza kuwa 2, wanaweza kuwa 9.

Na hapo ndipo neno hili linaanza kutuuma, wapendwa. Kwa sababu namba ni ya familia, ndoa inabadilisha kesi. Mtoto akizaliwa, kesi inabadilika. Basi tuko na mabinti ambao wazazi wamewaambia, "Usiolewe kwanza, utaharibu kesi." Tuko na vijana waliooana kwa siri. Tuko na wapwa walioandikwa watoto wa kuzaa, na mtoto anafundishwa kumwita shangazi "mama" siku ya mahojiano. Nitasema wazi maana hii ni madhabahu: huo ni uongo, na anayeubeba ni mtoto. Mtoto aliyefundishwa kusema uongo mbele ya meza ya ofisi atauleta mezani kwako. Kama unalea yatima wa ndugu yako, sema ni yatima wa ndugu yangu, ninamlea. Hiyo ni heshima, si aibu.

Na yule anayekuja jioni kusema, "Nipe kidogo niisukume kesi yako," mkimbie. UNHCR wametangaza miaka yote kwamba huduma zao ni bure.

Tena tukumbuke mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, ikaanza kazi tarehe 27. Watu waliokuwa na tarehe ya ndege mkononi, safari ikafutwa. Wengine walikuwa wameshauza vitanda na sufuria. Nimeingia nyumba hizo kuomba, na maneno yaliisha mdomoni. Hata kabla ya hapo, UNHCR wenyewe wanasema wakimbizi wanaopata nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki mmoja katika 100. Hiyo hesabu hatupendi kuihubiri. Tunapenda kuhubiri kwamba mlango umefunguka, watu wanapiga makofi, sadaka inapanda. Watumishi wenzangu, tupunguze kutabiri tarehe za ndege.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 24 mpaka 28. Paulo alikuwa na kesi. Liwali Feliki alimwita mara nyingi kuzungumza, kumbe alitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa. Miaka 2 ikapita, Feliki akahamishwa, akamwacha kifungoni. Akaja Festo, Paulo akakata rufaa kwa Kaisari, na Festo akakuta hana hata la kuandika kwenye barua ya kumpeleka. Faili tupu! Agripa akasema mtu huyu angeweza kuachiliwa kama hangekata rufaa. Mnaona hayo mambo ya ofisi hayakuanza leo? Akapandishwa merikebu, yeye na wenzake jumla watu 276, ikavunjika. Rumi akakaa miaka 2 mizima katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, akipokea wageni na kufundisha. Na kitabu kinaishia hapo. Nimekisoma toka shule ya Biblia mpaka leo, jibu la kesi ya Paulo Luka hakuliandika.

Paulo alilipa kodi ya nyumba huku kesi ikisubiri. Wewe umekataa kupanda parachichi kwa sababu "tunaondoka". Hiyo miaka 11 unaondoka! Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea, na kipande cha shamba umeonyeshwa. Panda. Peleka mtoto shule. Binti akipata mchumba wa kweli, njooni tuwaombee, kisha nendeni ofisini mtangaze ndoa yenu mchana.

Na ninyi ndugu mliofika Ohio, Texas na kwingine, mnatuandikia habari za "case manager" wenu, yule anayewasaidia siku 90 za mwanzo. Mkimaliza hizo 90, msiache kupiga simu. Mama aliyebaki Rubondo hana manager.

Sasa naomba wale ambao safari ilifutwa wasimame walipo. Msione haya. Wamama mlio karibu nao, wawekeeni mikono. Wazee wa kanisa, andikeni majina ya nyumba zilizouza vyombo, na wiki ijayo tutapita na sufuria.

Tuombe.