Hesabu Mauzo, Usihesabu Faida

Juma hili wenye maduka wawili watatu wameniomba nizungumzie Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tuliyozoea kuiita VAT. Wanauliza: mfanyabiashara mdogo anapaswa kujiandikisha lini? Kabla sijajibu, nitawasimulia yaliyomkuta mdogo wangu.

Ana duka la saruji na mabati mjini Morogoro. Saruji, kama mnavyojua, hutoka kwa wingi lakini faida ya mfuko mmoja ni kiduchu. Siku moja nilimwuliza kama amejiandikisha. Akacheka. "Kaka, mimi nitazipata wapi hizo milioni 200? Faida yenyewe haitoshi hata ada za watoto."

Hapo ndipo alipoteleza, na wengi huteleza papo hapo. Sheria haiulizi faida. Inauliza mauzo, yaani fedha yote iliyoingia kwa bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, kabla hujatoa kodi ya pango wala mshahara wa kijana wa dukani. Bidhaa zilizosamehewa hazimo katika hesabu hiyo.

Kiwango chenyewe kimebadilika mara kadhaa. VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya mauzo, tarehe 1 Julai 1998, kilikuwa shilingi milioni 20 kwa mwaka. Mwaka 2004 kikawa milioni 40, mwaka 2015 milioni 100, na tangu Julai 2023 ni milioni 200. Nazungumzia Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka unaohesabiwa si lazima uanze Januari na kuishia Desemba. Kila mwezi unapokwisha, geuka nyuma ujumlishe mauzo ya miezi 12 iliyopita. Yakifika milioni 200, umeingia. Jumlisha pia miezi 6 iliyopita; yakifika milioni 100, umeingia vilevile. Na ukiwa na sababu ya kutazamia kwamba utafika, kwa mfano umepata zabuni kubwa, usingoje fedha zikufikie mkononi. Ukishaingia, unazo siku 30 za kupeleka maombi. Wanaotoa huduma za kitaalamu, kama mawakili, wahasibu na wahandisi, hujiandikisha hata kama mauzo yao hayajafika hapo.

Mdogo wangu alifika mwisho wa Februari bila kujua. Alikwenda kujiandikisha Julai, baada ya mhasibu mmoja kumshtua. Katika miezi ya Aprili, Mei na Juni alikuwa ameuza bidhaa za shilingi milioni 59 bila kuweka kodi. Bei ikiwa haikutaja kodi, huchukuliwa kuwa imekwisha kuibeba ndani yake. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, katika milioni 59 kodi ni milioni 9. Wateja walikwisha jenga nyumba zao na kuhamia. Nani angewafuata kuwadai nyongeza? Zilitoka mfukoni mwake.

Kilichouma zaidi ni kwamba hakustahili kulipa zote hizo. VAT hulipwa kwa tofauti. Ukinunua mzigo kwa shilingi 118,000, ndani yake mna kodi 18,000. Ukiuuza kwa 129,800, ndani yake mna kodi 19,800. Unachopeleka serikalini ni 1,800 tu. Lakini ili utoe ile 18,000 lazima uwe na risiti halali ya mashine. Mdogo wangu alikuwa akinunua kwa haraka, risiti anaitupa au anaiacha kwa dereva wa lori. Hakuwa na cha kuonyesha.

Namna ya kujiandikisha haina ugumu. Kwanza uwe na namba ya mlipakodi, TIN. Kisha peleka maombi Mamlaka ya Mapato, katika ofisi ya wilaya yako au kwa mtandao wao. Halipishwi chochote. Ukikubaliwa utapewa cheti na namba ya VAT. Kitundike cheti hicho mahali wateja watakiona. Tangu hapo toa risiti ya mashine kwa kila mauzo, na peleka ritani ya kila mwezi kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Hata mwezi ambao hukuuza kitu, ritani ipelekwe.

Najua wapo watakaosema afadhali kujificha. Mimi nasema fedha ya kodi anayokupa mteja si yako; umewekewa tu. Tena anayejificha hulala akihesabu nyayo za wapita njia.

Wahenga wa madukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari, kila jioni andika ulichouza, na kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi 12. Ni kazi ya nusu saa. Mdogo wangu anaifanya sasa, huku akimalizia deni lake kidogo kidogo. Juzi aliniambia, "Kaka, daftari lingenigharimu shilingi elfu mbili." Sikuwa na la kuongeza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.