Kadi ya Pointi na Safari ya Ng'ambo: Tuanze na Bei ya Dola

Mada kwa semina ya wazazi na wanachama wa vyama vya akiba, Kiogoro, Kaunti ya Kisii



Niliombwa nizungumzie jinsi ya kuchagua kadi ya mkopo yenye pointi za zawadi kwa matumizi ya ng'ambo. Nimekubali, ila nitaanza mahali ambapo muuza kadi hapendi kuanzia. Kwa mtu wa hapa anayekwenda kutumia dola, pointi ndizo za kutazamwa mwisho. Cha kutazamwa kwanza ni bei ambayo benki yako itakuuzia dola siku utakapotelezesha hiyo kadi. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Sisi watu wa hapa Nyaribari Chache hatuhitaji kuelezwa Minnesota iko wapi. Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis, hutajwa katika harusi na matanga yetu sawa na Keumbu na Keroka. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 kwa njia rasmi, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Zamani safari ilikuwa ya kijana peke yake. Siku hizi mama anaalikwa akalee mjukuu miezi mitatu, baba anaalikwa kwenye mahafali, na wote wawili wanafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakiwa na unga wa wimbi na mboga za chinsaga zilizokaushwa, lakini hawajui watalipaje teksi upande wa pili.

Wazee waliosomesha watoto India miaka ya 1980 watakumbuka kwamba kupata fedha za kigeni kulitaka fomu na idhini ya Benki Kuu. Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni ilifutwa mwaka 1995. Leo unaingia benki Kisii mjini, unafungua akaunti ya dola, na hakuna anayekuuliza ruhusa. Nitaurudia uhuru huo, maana tumeusahau na ndio wenye faida kubwa kuliko pointi.

Kwanza, pointi zenyewe zinatoka wapi? Hazitoki kwa ukarimu wa benki. Kila unapolipa kwa kadi, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu ya ada hiyo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Humo ndimo benki inamega kipande na kukurudishia. Marekani ada hiyo ni nono, mara nyingi karibu asilimia 2 ya mauzo au zaidi, kwa hiyo zawadi za kadi za huko nazo ni nono. Umoja wa Ulaya uliiwekea sehemu hiyo ya benki kikomo mwaka 2015, asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo, na zawadi za kadi nyingi za huko zikanyauka. Ukisoma makala ya Mmarekani akisifu kadi iliyompa tiketi ya bure ya ndege, kumbuka anaishi katika soko lake. Kadi iliyotolewa Kisii haitakupa hayo kwa sababu tu ina nembo ileile ya Visa au Mastercard.

Sasa hesabu. Nachukua mfano wangu tu, sitaji benki. Tuseme mama ametumia dola 1,000 akiwa Minneapolis, na siku hiyo dola ni shilingi 129 kwa kiwango cha Benki Kuu. Thamani halisi ni shilingi 129,000. Benki haitamuuzia kwa 129. Ina bei yake, na juu yake huenda ikaongeza ada ya muamala wa nje. Tuseme vyote kwa pamoja ni asilimia 4. Taarifa ya kadi itasoma shilingi 134,160. Amepoteza 5,160. Kadi yenyewe inampa pointi moja kwa kila shilingi 100, na pointi moja ina thamani ya senti 50 akiibadilisha kwa vocha. Amepata pointi 1,341, yaani shilingi 670. Aliyechukua kadi isiyo na pointi hata moja, lakini yenye pengo la asilimia 2, amemshinda kwa zaidi ya shilingi 1,900.

Kwa hiyo ukiingia benki usiulize "mnatoa pointi ngapi?" Uliza: "Jana ningelipa dola 100 Marekani kwa kadi hii, mngenikata shilingi ngapi, na ada zote zikiwemo?" Ni swali lenye jibu. Karani akikupa brosha badala ya nambari, nenda benki ya pili. Mtaa wa benki Kisii mjini si mrefu, asubuhi moja inatosha.

Kuna jambo jingine kuhusu bei ambalo wengi hawalitazamii. Kiwango kinachotumika ni cha siku benki inapouingiza muamala, na huenda ikawa siku mbili tatu baada ya kununua. Shilingi ikiwa imetulia, huhisi chochote. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Februari, serikali ilipotoa Yurobondi mpya ili kuanza kulipa ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva mwaka huo, shilingi ikapanda ghafla, na kufikia Agosti dola ilikuwa karibu 129. Fikiria mtu aliyenunua bidhaa ya dola 300 dola ikiwa 160, akakatwa shilingi 48,000, kisha akairudisha dukani dola ikiwa 145. Duka limemrudishia dola zake zote 300, na kwenye kadi zimeingia 43,500. Duka halikumwibia, wala benki haikukosea. Hata hivyo 4,500 zimekwenda.

Nageukia akaunti ya dola. Familia nyingi hapa zinafanya hivi: mtoto anatuma dola 500 kutoka Brooklyn Park, zinaingia M-Pesa zikiwa shilingi, mama anaziweka benki, kisha anasafiri na kadi ya shilingi na kununua dola upya huko huko zilikotoka. Fedha zilezile zimepita sokoni mara mbili na zimemegwa mara mbili. Kama mtoto anatuma kwa ajili ya safari, atume kwenye akaunti ya dola ya mama, na mama achukue kadi ya debiti ya akaunti hiyo. Akinunua kitu cha dola 20, zinatoka dola 20. Wachonga mawe wa Tabaka wanaouza nje, na wengine wanaolipwa kwa dola, ushauri ni uleule: msikimbilie kubadilisha fedha mnayojua mtaitumia ikiwa dola. Angalieni tu ada ya mwezi ya akaunti na ada ya kupokea fedha. Kwa mtu anayesafiri mara moja katika miaka mitano, ada hizo zinaweza kula faida yote, na hapo bora ashike kadi ya shilingi aliyo nayo.

Je, kadi ya mkopo haina kazi basi? Ina kazi, tena kubwa, lakini si ile ya kwenye tangazo. Hoteli na kampuni za kukodisha magari hufunga kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana, na hukifungua siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Kwenye kadi ya debiti, fedha hizo ni zako taslimu na zimekwama. Kwenye kadi ya mkopo kilichokwama ni nafasi ya kukopa tu. Vilevile mtu akiiba nambari za kadi ya mkopo, mnabishana juu ya fedha za benki wakati zako zimelala salama. Kwa sababu hizo mbili ningempa kila msafiri kadi moja ya mkopo yenye kikomo kidogo, akae nayo kwa dhamana na dharura.

Kwenye mashine yenyewe ya kulipia kuna mitego. Wengi wetu hupitia Amsterdam, maana kuna ndege kutoka huko moja kwa moja hadi Minneapolis, ilhali ile ya Kenya Airways ya New York iliyoanza Oktoba 2018 inakuacha na safari nyingine mbele. Pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, unanunua chai na mkate. Mashine inatambua kadi ni ya Kenya, na kwenye kioo kidogo yanatokea machaguo mawili: ulipe kwa yuro, au kwa shilingi za Kenya. Mama anaona KES, moyo unatulia, anabonyeza. Hapo amekubali kubadilishiwa fedha na mtu mwingine kabisa, kampuni ya mashine, kwa bei yake yenyewe, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki. Chagua sarafu ya nchi uliyomo kila mara: yuro Ulaya, dola Marekani, dirham Dubai. ATM nazo zinauliza swali hilohilo.

Ukifika Marekani, kituo cha mafuta kitakuomba nambari ya ZIP, tarakimu tano. Kuna waliojaribu kuingiza 40200 ya posta ya Kisii, kwa kuwa nayo ni tarakimu tano. Usihangaike nayo. Ingia ndani, mwambie mhudumu unataka mafuta ya dola 30 pampu namba 4, lipa hapo. Mkahawani, kiasi cha kwanza unachoona kwenye simu si cha mwisho, kwani bahashishi unayoandika kwenye risiti huongezwa baadaye. Na ukilipa mtandaoni, benki itatuma nambari ya uthibitisho kwenye laini yako ya Kenya. Laini iwe imefunguliwa romingi kabla ya kuondoka, na usiiache kwenye simu ya kabambe uliyomwachia jirani.

M-Pesa GlobalPay, iliyoletwa na Safaricom pamoja na Visa mwaka 2022, inasaidia sana kwa malipo ya mtandaoni ukiwa bado nyumbani: kuhifadhi chumba cha hoteli, kulipia mtihani, kununua kitabu. Haina kadi ya plastiki ya kumkabidhi mtu wa dukani, kwa hiyo usiifanye tegemeo la safari nzima. Kadi za Sacco zenye nembo ya Visa nazo ziulizwe kabla: je, zimefunguliwa kutumika nje?

Wanafunzi, nina neno moja kwenu. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya hakuruhusiwa kuilipa kwa kadi. Nchi tano za Afrika ziliwekewa katazo hilo: Kenya, Nigeria, Ghana, Kamerun na Gambia. Watu huhangaika usiku kucha wakidhani kadi yao ni mbovu. Someni maelekezo ya sasa kwenye tovuti rasmi, na mkikuta katazo bado lipo, lipeni kwa Western Union au hati ya malipo itakayonunuliwa na ndugu aliye huko. Mkishafika, kwa kawaida rekodi yenu ya mikopo ya CRB haiwafuati. Mnaanza bila historia yoyote ya mkopo, na mlango wa kawaida ni kadi ya mkopo ya dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200 hivi, unatumia kidogo, unalipa yote kila mwezi.

Kwa walio huko tayari na wanaokuja Desemba, hapo ndipo kadi ya pointi inapokuwa na maana ya kweli. Kadi za Capital One za Marekani hazitozi ada ya muamala wa nje, na ziko nyingine kama hizo, huku kadi za kawaida nyingi zikitoza karibu asilimia 3. Discover nayo haitozi, ila utatafuta sana mashine inayoikubali Kisii. Na hata ukiwa na kadi nzuri namna gani, mama wa ndizi sokoni Kiogoro anataka M-Pesa.

Nimebakiza riba. Kadi ya mkopo hukupa muda wa kulipa bila riba, ukilipa deni lote tarehe ikifika. Ukilipa kile kiasi kidogo cha chini tu, riba inaanza kutembea. Kwa asilimia 3 kwa mwezi, deni la 134,160 la mama yetu linazaa zaidi ya shilingi 4,000 mwezi wa kwanza, na pointi zake ni 670. Ukitoa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM, kwa kawaida hakuna hata muda wa neema: riba huanza siku hiyohiyo, na ada juu. Anayengoja bonasi ya chai ndipo alipe, asichukue kadi hii kwa matumizi ya kila siku. Na anayesafiri miezi mitatu aache agizo la kudumu benki, deni lilipwe lote kutoka akaunti yake tarehe inapofika, kwa sababu tarehe hiyo itampata akiwa amebeba mjukuu kwenye theluji.

Niliomba mje na karatasi za ada za benki zenu, na naona wengine wamezileta. Baada ya chai tuzifungue mezani, tutafute mstari wa muamala wa nje, kisha kila mmoja apige hesabu ya dola 1,000 kwa kadi yake mwenyewe.