Mbele ya kupandisha nyumba



Tangu familia zianze kurudi, ulizo moja inatufuata kila tunapopita: "Tulikimbia watu wanne, tumerudi watu kumi na mmoja, na parseli ni ile ile. Tunaweza kuinua bati na kutia vyumba juu?" Tunawaelewa. Mangobo ao Kabondo, kila mtoto akioa parseli inakatwa tena, mpaka nafasi ya kupanda pilipili haiko. Kupanda juu inaonekana njo akili.

Lakini mbele ya kununua mbao, mujue kwamba karatasi ziko mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza inaangalia udongo. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inashuhudiwa na sertifika. Barua ya chefu wa kartie ao karatasi ya mauzisho haiwezi kukamata nafasi yake.

Ya pili ni ruhusa ya kujenga, inayopita kwa ofisi ya Urbanisme. Hii inaombwa hata na ule mwenye sertifika safi. Tangu agizo la mwaka 2013 inaitwa permi ya kujenga. Wazee bado wanasema otorizasyo, ni sawa tu. Na haiko kwa nyumba mpya peke yake. Ukiinua ukuta ao ukiongeza orofa, unaihitaji.

Kwa dosye wanaomba kopi ya karatasi ya udongo, plani ya nyumba na hesabu ya vifaa. Kwa plani njo watu wanakimbia, kwani mchoraji anaomba feza. Tunashauri familia tatu ao ine zimutafute mchoraji mmoja pamoja, bei inashuka. Malipo yote ni kwa risiti. Kama mtu anafika na pikipiki anaomba feza mkononi, mumuombe risiti mbele ya majirani. Mara nyingi anakumbuka kwamba ana kazi ngambo ingine.

Sasa wengine watasema: karatasi, karatasi, sisi tunatafuta pa kulala. Basi tuwaelezee nyumba moja tuliyotembelea komine ya Tshopo. Ukuta wake uliguswa na bomu wakati wa vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Wenyewe waliziba tundu na simenti, wakapaka chokaa, wakasahau. Kijana wao aliporudi, aliweka sakafu ya mbao na vyumba viwili chini ya bati. Hakuna aliyepima ukuta. Fundi alisema tu, "Matofali ya zamani ni nguvu." Kwa mvua ya tatu ufa ulifunguka pale pale bomu ilipopita. Walishuka usiku na watoto mgongoni, hakuna aliyeumia. Asubuhi jirani akaja kulalamika, maji ya bati mpya yanamwangukia jikoni. Walikuwa hawana ruhusa, hawana plani, hawakuwa na kitu cha kumuonyesha. Walibomoa wenyewe, na mbao waliziuza kwa nusu ya bei.

Kwa hiyo, nyumba yako kama ilipigwa, gonga ukuta, toa chokaa, angalia ndani. Na picha ipigwe mbele ya kuvunja kitu chochote. Korti ya La Haye, tarehe 9 Februari 2022, iliamuru Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325, na ndani yake milioni 40 ni ya mali iliyoharibika. Wenye dosye kwa FRIVAO wasifute alama za bomu bila kuwa na picha zake.

Neno moja tena, joto. Chumba chini ya bati bila plafo, bila dirisha pande mbili, saa saba ya muchana hakilaliki, na mtoto mwenye malaria humo anateswa mara mbili. Afazali chumba kimoja chenye hewa kuliko viwili vya kupika watu.

Siku ya mkutano ujao tutakaa mapema ili kuangalia karatasi za kila familia, moja moja. Zile za zamani zilizoliwa na mchwa muzilete vile vile, musizitupe.