Kusugua Kipoza Joto cha Kompyuta

Nyinyi mlio darasani, fuateni kwa macho katika karatasi hii yale mnayoyasikia kwa masikio.

Leo tutazungumza juu ya joto la kompyuta. Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa. Hicho ndicho kifanyacho hesabu zote, na kikifanya kazi hupata moto. Prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia digrii 100 za Sentigredi hupunguza mwendo zenyewe. Joto likizidi, kompyuta huzimika ghafula. Aliyekuwa akiandika barua ya mteja hupoteza kazi yake, na mteja huenda duka jingine.

Kwa sababu hiyo, juu ya prosesa huwekwa kipoza joto. Hiki ni kipande cha shaba au alumini chenye mapezi mengi membamba. Joto hutoka katika prosesa, huingia katika mapezi, na feni hulipeperusha.

Sasa, je, vyuma hivi viwili vimegusana? Kwa macho, ndiyo. Lakini hata chuma kilicho laini kina vilima na mabonde madogo sana. Vilima hugusana, na mabondeni hukaa hewa. Shaba hupitisha joto kuliko hewa kwa zaidi ya mara 10,000! Basi mafundi hupaka grisi maalumu ili kuifukuza hewa ile. Lakini grisi nayo haiifikii shaba hata kidogo. Ikiwa nene, huzuia joto.

Mfikirieni seremala. Akitaka kuunga mbao mbili, kwanza huzipiga randa zilaliane sawasawa. Hajazi pengo kwa gundi. Kazi yetu ni kama hiyo, ila sisi twatumia msasa.

Lakini msikimbilie msasa. Mara nyingi ugonjwa ni vumbi katika mapezi, au feni iliyokwama, au grisi iliyokauka. Zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme, safisheni, pakeni grisi mpya. Joto likishuka, ishieni hapo.

Lisiposhuka, kifungueni kipoza joto. Simamisheni ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wake wa chini, mtazame kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, uso haukunyooka. Angalieni lakini: watengenezaji wengine huacha uvimbe mdogo katikati kwa makusudi, ili kipoza joto kigandamize vizuri penye joto kali. Huo uacheni. Tena, mkiona mabomba ya shaba yaliyo wazi upande wa chini, msiyasugue. Kuta zake ni nyembamba, na bomba likitoboka halifai tena.

Kama kusugua kunafaa, fanyeni hivi. Tafuteni kioo kinene cha dirisha. Kioo cha siku hizi hutandazwa kikiwa majimaji juu ya bati iliyoyeyuka, njia iliyotangazwa Uingereza mwaka 1959. Ndiyo sababu kimenyooka sana. Bandikeni juu yake msasa wa maji namba 400, mtie matone ya maji. Chorani mistari ya wino kwenye uso wa kipoza joto. Sugueni polepole bila kugandamiza, na kila baada ya mara kumi kigeuzeni robo. Palipobaki wino ndipo penye bonde. Wino wote ukiisha, uso umenyooka. Endeleeni na namba 600, 800, kisha 1000. Kung'aa si shabaha yetu. Kunyooka ndiko shabaha.

Fanyeni kazi hii mbali na kompyuta, maana unga wa chuma hupitisha umeme. Osheni, kausheni, futeni kwa spiriti. Grisi ya kiasi cha punje ya kunde yatosha.

Faida yake ni nini? Mara nyingi ni digrii chache tu, na pengine hakuna. Hasara yake yajulikana: dhamana ya mtengenezaji hupotea, na shaba iliyokwisha sagwa hairudi. Kwa hiyo pimeni joto kabla na baada, kompyuta ikifanya kazi ile ile katika chumba kile kile. Asiyepima hajui kama amepata au amepoteza.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini hewa ni adui kati ya vyuma viwili?
2. Mistari ya wino yatuonyesha nini?
3. Tufanye mambo gani kabla ya kushika msasa?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.