Deni Lina Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu)



Niliombwa niseme juu ya utumishi wa umma na wajibu wa msomi katika jamii. Hotuba hiyo niliiandika, nikaipiga chapa, nayo ninayo hapa mfukoni. Naomba radhi, sitaisoma. Badala yake nitawasimulia habari ya jirani yangu mmoja, mzee wa Kihaya, na jinsi habari hiyo ilivyonirudisha kwenye maabara ya shule hii. Najua kwamba humu ukumbini tumo Wakristo na Waislamu, na wengine wasio hili wala lile. Sikuja kumvuta mtu kanisani. Mtanivumilia, na mwisho mtaona kwa nini nililazimika kusema.

Mwezi Juni mwaka 2023 usharika wetu, ulio si mbali na mji wa Bukoba, ulitenga juma moja la kutembelea majirani. Tuligawanywa wanne wanne. Kundi langu lilikuwa na mwinjilisti, akina mama wawili, na mimi. Tulipewa orodha ya nyumba, na mbele ya kila jina palikuwa na alama. Jina la mzee huyu liliandikwa "haonekani", maana yake ni kwamba ameacha ibada. Nyumba yake iko kama hatua mia tatu kutoka kanisani. Nilikuwa nimepita mbele ya kibanja chake kila Jumapili kwa miaka sita, wala sikuwahi kuingia.

Tulimkuta amekaa kibarazani pamoja na jirani yake Mwislamu, mzee mwenzake, ambaye humjia kila alasiri. Mwenyeji wetu alikuwa amekaribia miaka 90. Miguu ilikuwa imevimba, fimbo mbili zimeegemezwa ukutani. Hapo hapo tulijua kwa nini "haonekani". Hakuiacha ibada, miguu ndiyo iliyomwacha, na sisi hatukwenda kuuliza. Alituletea kisahani cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi, akatuuliza hali za nyumbani mmoja mmoja. Mwinjilisti alipofungua Biblia ili aanze somo, mzee alimwambia kwa upole, "Soma, mwanangu. Lakini ukimaliza, niruhusuni na mimi niwaambie nilivyookoka. Haijapata kuniijia nafasi ya kuwasimulia ninyi vijana."

Basi tukasoma habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda juu ya mkuyu, kisha akaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Mzee alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Huyo ni mwenzangu," alisema.

Akasimulia. Mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika cha kununua kahawa. Wakulima walileta kahawa ya maganda katika magunia, wengi wao hawajui kusoma. Gunia likipimwa likawa na ratili 62, yeye huandika 58. Jioni zile ratili zilizobaki huziandika kwa jina la ndugu yake, na fedha wakagawana. Kwa msimu mmoja alinunua baiskeli, na kwa msimu wa pili akaezeka nyumba ya bati. Watu walimsifu kuwa ni kijana mwenye bidii.

"Siku moja," alisema, "alikuja mkulima mmoja wa makamo, hana gunia. Nilimwuliza, umekuja kupima nini? Akasema, nimekuja kulipa. Mwaka jana niliweka kokoto katika gunia langu ili uzito uzidi, na wewe ukapima ukanilipa. Bwana amenionyesha kuwa niliwaibia. Akaweka shilingi mbili juu ya meza yangu, akaniomba msamaha."

Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akatuambia, "Mtu yule nilikuwa nimemwibia mimi zaidi ya shilingi mbili. Hakujua. Hakunihubiria hata neno moja. Hakuniambia acha dhambi. Alilipa la kwake, akaenda zake. Mimi nilibaki natazama zile shilingi, na tangu siku hiyo mizani ile ilinishinda."

Alikaa mwezi mzima akipambana na nafsi yake. Kisha usiku mmoja alipiga magoti, na asubuhi akachukua daftari akaandika majina yote aliyoweza kuyakumbuka. Alimweleza katibu wa chama, akaachishwa kazi siku ile ile, akashukuru kwamba hakupelekwa mahakamani. Aliuza baiskeli. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Wako waliomsamehe wakampa na ndizi. Wako waliomtukana mbele ya watoto. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, akamlipa mjane wake. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. "Nilipomaliza jina la mwisho," alisema, "ndipo nilipoweza kuimba Tukutendereza kwa sauti."

Kwa faida ya vijana nieleze kidogo. Wimbo huo wa Kiganda ni alama ya Uamsho, harakati iliyotikisa makanisa ya Afrika ya Mashariki. Chanzo chake kimoja ni urafiki wa watu wawili waliokutana Kampala mwaka 1929: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, nchini Rwanda. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha huko huko Gahini hadi alipofariki mwaka 1936. Kutoka hapo moto ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na mwaka 1939 ulifika Katoke, katika sehemu ambazo leo ni Mkoa wa Kagera. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka.

Hawakupendwa na wote, kwa sababu walikuwa na desturi ya kuungama hadharani, tena walikwenda kurudisha walichoiba: jembe, shuka, fedha za mwajiri. Festo Kivengere, ambaye alifundisha miaka mingi katika shule ya Alliance Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi huko Uganda, alieleza kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli akasafiri mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Yule mkulima wa kokoto alikuwa mtu wa ukoo huo.

Narudi kibarazani. Mzee alipomaliza, yule jirani yake Mwislamu ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Hata kwetu ni hivyo. Ukimkosea Mungu, tubu kwa Mungu. Lakini haki ya mja haifutiki kwa kusali tu. Mrudishie mwenyewe, au akusamehe mwenyewe." Wale wazee wawili wakatazamana kama watu waliokwisha kuzungumza jambo hilo mara nyingi.

Sisi tuliokuja kumwamsha aliyelala hatukuwa na la kusema. Mwinjilisti aliomba sala fupi. Mimi sikusikia sala hiyo. Tangu mzee alipotaja mizani, mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale. Nilikuwa hapa, shuleni, katika maabara ya kemia, mwaka 1996.

Ndugu zangu, sasa nalipa la kwangu.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu. Usiku mmoja nilichukua ufunguo wa maabara chini ya mto wa kiranja wa maabara alipokuwa amelala, nikaingia ili nijizoeze kabla ya mtihani wa vitendo. Gizani niliiangusha mizani, ikavunjika. Nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo mahali pake, nikalala. Asubuhi kulipokucha ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja tu, na mizani imevunjika ndani ya mlango uliofungwa. Mwalimu alifuata ushahidi aliokuwa nao. Kiranja alivuliwa ukiranja mstarini, mbele yetu sote, nami nilikuwa mstari wa pili. Alirudishwa nyumbani mpaka alete shilingi 25,000. Alikaa huko majuma matatu. Aliporudi nilimwazima madaftari yangu anakili masomo, naye akanishukuru. Shukrani hiyo nimeibeba miaka 27.

Baada ya siku ile ya kibarazani nilikaa majuma mawili nikijiambia kwamba mambo hayo yamepita, kwamba yeye ni mtu mzima mwenye kazi nzuri, kwamba nikimwambia nitamtia uchungu bure. Ninyi mliozoea kazi ya ofisini mnajua jinsi jalada linavyoweza kukaa juu ya meza likisubiri "kushughulikiwa". Mwishowe nilimpigia simu. Nilimweleza yote bila kujitetea. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mimi nilipoteza majuma matatu na ukiranja. Mama ndiye aliyelipa. Nenda kwa mama."

Nilikwenda. Mama yule ni mjane, amezeeka, yuko kijijini. Nilikaa chini mkekani nikamwambia. Hakulia wala hakunikemea. Alisema kwamba mwaka ule hakuwa na fedha, kwa hiyo aliuza kahawa kwa butura. Ninyi mnaotoka Kagera mnajua butura: kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida haingoji mavuno. Halafu akasema neno ambalo sikulitazamia. Alisema, "Kahawa ile ilikuwa ya ada ya dada yake."

Binti yule alikuwa amefaulu darasa la saba. Hakuenda sekondari.

Ndugu zangu, nilikwenda kwa mama yule na bahasha ya fedha. Nilikuwa nimepiga hesabu ya shilingi 25,000 za mwaka 1996 kwa thamani ya leo, kama tunavyofundishwa watu wa hesabu za serikali. Mama alipokea, akanishukuru, akanipa maji ya kunywa. Lakini nilipotoka pale nilijua kwamba bahasha ile haikuligusa deni lenyewe. Kwa dada yule nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza hakutaka kuniona. Mara ya pili alinipa kigoda nikakaa, tukazungumza habari za mvua. Mtoto wake wa pili yuko sekondari, na ameniruhusu nimsaidie ada. Sitawaambieni kwamba mambo yamekwisha, maana hayajakwisha, na mwenye kusema yamekwisha si mimi.

Rafiki yangu ameniruhusu niwasimulie haya, ila nisimtaje jina. Mliokuwapo mtamkumbuka, na kama mlipata kumnong'ona kuwa ni mharibifu, jueni kuanzia leo kwamba alisingiziwa kwa ukimya wangu. Asubuhi ya leo nimemkabidhi Mwalimu Mkuu mizani mpya kwa ajili ya maabara. Pamoja nayo nimempa barua niliyoitia sahihi, nikiomba iwekwe katika kitabu cha adhabu kando ya jina lile la mwaka 1996, ili atakayekisoma baada yetu asome ukweli.

Nimeona tofauti moja, nayo ndiyo ninayotaka kuwaachia. Sisi wanne tulikwenda kwa jirani tukiwa na orodha ya makosa ya wengine. Yule mkulima wa mwaka 1956 alikwenda kwa karani na kosa lake mwenyewe na shilingi mbili. Safari yetu isingembadilisha mtu. Safari ya yule iligeuza maisha ya karani, na kupitia kwa karani imenifikia mimi, na kupitia kwangu imefika katika nyumba ya mjane ambaye mkulima yule hakupata kumjua. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuhubiri juu ya madeni ya watu.

Nanyi vijana, sikuwaambia haya ili mniogope au mnisifu. Mzee alituonya siku ile kwamba kuna watu hupenda kusimulia dhambi zao za zamani kama askari anavyosimulia vita. Alisema, "Mtu akikusimulia alivyookoka, mwulize tu: ulimlipa nani?" Katika mabweni haya, pengine usiku wa leo, yuko mtu anayejua nani alichukua ufunguo. Kama ni wewe, nenda kesho asubuhi. Ukienda kesho utapigwa au utafukuzwa juma moja. Ukingoja miaka 27 kama mimi, utakuta deni limezaa, na walioliponyoka walipaji wake ni watu usiowajua.

Yule mzee alifariki mwezi Februari mwaka uliofuata. Katika miezi ile ya mwisho tulimwendea kila Jumapili baada ya ibada, na yule jirani yake alikuwapo daima. Siku ya maziko alisimama pembeni na tasbihi yake mkononi mpaka udongo wa mwisho. Katika sanduku la marehemu watoto wake walikuta daftari la majina, kila jina limepigwa mstari.

La kwangu bado lina jina moja.